"He" na "she" kwa sisi tuliozoea "yeye"

Siku zangu za mwanzo kuongoza wageni Kilimanjaro, tukiwa kambi ya Shira, niliwaambia wageni wawili: "The cook is ready, she is waiting for you." Wakaingia hema la chakula wakimtafuta mwanamke. Wakamkuta mzee wetu wa jikoni, ndevu hadi kifuani, kashika upawa. Mpaka tunashuka geti, wapagazi walikuwa wakimwita Mama Shii.

Jedwali la "I, you, he, she" nalijua tangu shule ya msingi, kwa hiyo shida haikuwa kukariri. Sisi tukisema "anasubiri", ile "a" haijali kama ni Asha au Hamisi. Kiingereza kinakudai jinsia kabla hujafika kwenye kitenzi, na ulimi ukiwa mbioni unaokota lililo karibu. Kilichonisaidia ni kumwona mtu mwenyewe kichwani, na sura yake, ndipo nifungue mdomo. Jioni nilikuwa najisimulia kwa sauti habari za nyumbani: leo shangazi, kesho mjomba, keshokutwa wote wawili katika kisa kimoja. Hapo kwa wawili ndipo penye kazi.

"Yake" ilinitesa zaidi. Kwetu inafuata kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, watoto wake. Kiingereza kinamtazama mwenye mali. Hamisi na mkewe ni "Hamisi and his wife". Ukisema "her" kwa kuwa mke ni mwanamke, umeshamgeuza Hamisi. Nikikwama najiuliza: mwenyewe ni nani?

Halafu kuna "My father he works in Arusha." Hapo tumeitafsiri ile "a" ya "anafanya". Ukishamtaja baba, "he" haina kazi. Kwenye mvua ni kinyume: tunaandika "Is raining", tukasahau kwamba "inanyesha" ina "i" yake. Sema "It is raining", wala usihangaike kuuliza hiyo "it" ni kitu gani.

"You" ni rahisi: mmoja, kumi, bosi, mtoto, wote ni "you". Zamani Waingereza walikuwa na "thou" ya mtu mmoja, wakaiacha. Ila mimi, kumwambia mgeni wa miaka sabini "you", nilijisikia kama nimemwita mzee wa watu "wewe". Nikawa naongeza "sir", roho ikatulia.