Jibu: Emuleta ya PlayStation kwenye kibanda cha gemu

Ndugu wa Mwanjelwa, umeuliza kama ni kosa kuweka emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) ya PlayStation ya kwanza kwenye kompyuta za kibanda chako, na kwa nini baadhi ya gemu zinacheza bila muziki.

Emuleta yenyewe si tatizo. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika shauri la Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, iliona kuwa kunakili BIOS (programu iliyomo ndani ya mashine ya PlayStation inayoiwasha) kwa ajili ya kuichambua tu, ili kutengeneza programu mpya, ni matumizi ya haki (fair use), yaani yanayoruhusiwa bila kibali cha mwenye hakimiliki. Hatari kwako iko kwenye BIOS na gemu zilizopakuliwa, kwa kuwa Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, nawe unatoza wateja, hivyo usitegemee kujitetea kwamba ni matumizi binafsi.

Muziki ni rahisi zaidi. Gemu kadhaa za zama hizo ziliweka muziki kama nyimbo za kawaida za CD, na emuleta huzipata kupitia faili la .cue, yaani faili dogo la maandishi linaloonyesha kila wimbo uko wapi. Ukifungua .bin, faili lenye nakala ya CD, peke yake, gemu itacheza kimya; ukibadili jina la .bin bila kulirekebisha ndani ya .cue, haitafunguka kabisa.