Barua saba zilizokaa siku nne ndani ya kompyuta yangu

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja wa Donholm ambaye husoma makala zangu. Aliandika hivi: "Dada, hujambo. Programu ya barua pepe inaniambia niko nje ya mtandao na hapa hapa YouTube inacheza bila kukwama. Nimezima ruta nikawasha, nimezima laptopu nikawasha. Fundi anataka elfu mbili mia tano aipige formati. Nimpe?"

Nilimjibu papo hapo, kabla sijavua hata viatu: usimpe. Usiguse kitu. Nipigie.

Nilishtuka kwa sababu ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe Agosti 2021. Mliojiunga nami karibuni hamjui habari hii, na mlio wa zamani sijawahi kuwasimulia yote. Leo nayasimulia, maana wengi wetu tunaosoma hapa tunafanya kazi za mikataba. Tunaandika, tunatafsiri, tunachora ramani za nyumba, tunafanyia watu hesabu, na barua pepe ndiyo duka letu. Ikikwama barua, duka limefungwa na wewe mwenyewe umo ndani hujui.

Wakati huo nilikuwa nimekodi chumba kimoja Zimmerman, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kijitabu cha kurasa 34 kuhusu kukausha na kuhifadhi mahindi yasiingiwe na sumukuvu, nikitoe kwenye Kiingereza nikiweke katika Kiswahili ambacho mkulima atakielewa akiwa amesimama ghalani. Niliambiwa kikikubalika kuna vingine vinne. Vinne! Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kodi ya miezi mitatu na karo ya mdogo wangu.

Nilikipenda kijitabu kile. Nilikaa siku nzima na neno moja tu, "unyevu", kwa sababu mahali pengine maana yake ilikuwa maji yaliyo ndani ya punje na mahali pengine ilikuwa hewa ya ghalani, na mkulima akichanganya hayo mawili mahindi yanaoza. Nilimpigia mama Murang'a nikamuuliza yeye husemaje anapong'ata punje kujua kama imekauka.

Alhamisi saa tano usiku nilimaliza. Tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa saa sita mchana. Nilifungua Thunderbird, programu ninayoitumia kwa barua hadi leo, nikaandika maneno matatu ya heshima, nikaambatisha faili, nikabonyeza pa kutuma. Dirisha la barua likajifunga kama kawaida. Nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Ijumaa saa saba simu ikalia. Yule mama wa mradi, kwa sauti ya upole kabisa, aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia nimetuma tangu jana usiku. Akasema hajaona. Nikamwambia, na hapa bado moyo unanichoma, "Angalieni vizuri upande wenu." Nikaituma tena nikiwa naye kwenye simu. Dirisha likajifunga. "Hiyo imekuja?" Haikuja.

Ndipo nikabonyeza pa kupokea barua mpya, kikatokea kisanduku kinachosema niko nje ya mtandao. Nikakifunga. Nikafungua tovuti za habari, zikafunguka. Nikabonyeza tena, kisanduku kile kile. Nikakifunga kwa hasira. Nadhani siku ile nilikifunga mara ishirini.

Mtaniuliza kwa nini sikutuma faili kwa njia nyingine. Niliituma, saa kumi jioni, kupitia simu ya jirani. Lakini saa sita ilikuwa imepita, na ubaya ni kwamba nilikuwa nimeshaapa mara mbili kuwa nimetuma.

Jumamosi nilipanda matatu hadi mjini, nikapeleka laptopu kwa fundi mmoja barabara ya Luthuli. Hakuwa mtu mbaya. Aliangalia, akaiondoa programu yote, akaiweka upya mbele yangu. Ikafunguka na barua zangu zote zimo, nikafurahi, na kisanduku kikatokea tena: uko nje ya mtandao. Akasema basi ni kadi ya waifai imekufa. Nikamlipa 1,500 kwa kazi aliyofanya nikarudi Zimmerman kutafuta hela ya kadi mpya.

Jumatatu usiku, nikiwa nimechoka hata hasira imeisha, nilibonyeza tena pa kupokea barua. Kisanduku kikaja. Safari hii sikukifunga, nilikuwa nimeshika tama tu nakitazama. Na kilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema niko nje ya mtandao. Ya pili iliniuliza kama nataka kuingia mtandaoni ili nipokee barua mpya.

Iliniuliza. Siku nne ilikuwa ikiniuliza, na mimi nikisoma sentensi ya kwanza na kufunga.

Nikakubali. Kikaja kisanduku kingine kikiuliza kama nitume sasa barua ambazo hazijatumwa. Nikakubali tena. Nikaziona zikiondoka moja baada ya nyingine kutoka folda ya Outbox, barua saba, ya kwanza ina saa ya Alhamisi usiku. Asubuhi nilipata jibu la mistari miwili. Walishukuru kwa kijitabu, wangelipa. Vile vinne walikuwa wamempa mtu mwingine.

Chanzo kilikuwa nini? Jumapili iliyotangulia nilikuwa kwa mama Murang'a, mtandao ukipatikana mlangoni unapotea sebuleni, na programu inalalamika kila baada ya dakika. Nikaingia kwenye menyu ya File, nikafika palipoandikwa Offline, nikachagua Work Offline ili nisome barua za zamani kwa utulivu. Nikasahau. Jumatatu hadi Jumatano nilisomea barua kwenye simu kwa sababu nilikuwa nimezama kwenye mahindi. Programu nayo ilitii. Yangu ilikuwa imepangwa ikumbuke hali iliyokuwa nayo ilipofungwa, kwa hiyo kuzima na kuwasha hakukusaidia. Hata kuiondoa na kuiweka upya hakukusaidia, kwa kuwa Thunderbird huweka barua na mipangilio yako katika folda ya peke yake, na fundi anapoiondoa programu, folda ile hubaki. Ilirudi ikiwa na barua zangu, na ile amri yangu ya Murang'a ikiwa nayo. Na ukiwa katika hali hiyo ukabonyeza pa kutuma, barua haipotei wala haikataliwi. Inawekwa Outbox ikisubiri urudi mtandaoni. Dirisha linajifunga vilevile.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya fundi, kabla ya formati, kabla ya kulaumu kampuni ya intaneti: angalia pembe ya chini kushoto ya Thunderbird. Kuna alama ndogo mfano wa mawimbi ya redio. Hiyo ndiyo swichi. Ibonyeze mara moja. Kisha nenda kwenye mipangilio, ukurasa wa General, shuka hadi sehemu ya mtandao na nafasi ya diski, fungua mipangilio ya Offline, uiambie iwake ikiwa mtandaoni kila mara. Wanaotumia Outlook ya zamani, ile ya kompyuta, kitufe chenu kiko kwenye kichupo cha Send/Receive, kimeandikwa Work Offline. Kikiwa kimekolea rangi, kimebonyezwa. Kibonyeze kiachie.

Basi nikadhani nimemaliza shida ya mwalimu wa Donholm. Anatumia Outlook. Nikamwambia aende kwenye kitufe hicho. Akaniambia, "Dada, hakijabonyezwa."

Hapo nilinyamaza kidogo. Nikamwuliza: chini kulia, karibu na saa, unaona alama ya waifai au ya dunia? Akasema dunia. Na YouTube bado inacheza.

Hii ni shida ya pili, na niliijua kwa sababu ilimpata mteja wangu mmoja Westlands mwaka uliofuata. Hapa anayesema uongo si programu ya barua, ni Windows, na Outlook imemwamini. Windows haitosheki kuona umeunganishwa na ruta. Windows 10 na 11 huenda kwenye anwani ya www.msftconnecttest.com, huomba faili ndogo inayoitwa connecttest.txt, na ndani ya faili hiyo kuna maneno matatu tu: Microsoft Connect Test. Ikiyapata, inasema intaneti ipo. Kitu kikiizuia njiani isiyapate, inachora dunia na kutangaza hakuna intaneti, hata kama njia nyingine zote ziko wazi. Kivinjari hakina habari na tangazo hilo, kinakwenda tu, ndiyo maana YouTube inacheza. Outlook huuliza Windows kwanza.

Nikamwuliza mwalimu ni kitu gani kipya kimeingia kwenye laptopu. Akafikiri, akasema mpwa wake alimwekea VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya mbali, wakati wa likizo. Nikamwambia aizime kabisa, asiifunge dirisha tu. Tukangoja. Nilikuwa nasikia watoto wake wakigombania rimoti. Akasema, "Dunia imeondoka." Ikarudi alama ya waifai, na baada ya dakika moja barua zikaanza kuingia.

Kama wewe huna VPN, angalia programu ya kuzuia virusi, angalia kama kuna mtu aliyeweka kizuizi cha matangazo kwenye ruta. Fungua kivinjari uandike http://www.msftconnecttest.com/connecttest.txt. Usipoyaona yale maneno matatu, umeshajua pa kuanzia. Na kama ni waifai ya hoteli au ya maktaba, inayotaka kwanza ukubali masharti kwenye ukurasa wake, kubali kwanza. Bila hivyo hakuna kitakachopita.

Lakini anzeni na swichi. Nasema tena, swichi kwanza, ni bure. Na someni kisanduku chote, hadi neno la mwisho. Vijana mnaoanza kazi hizi, msimwambie mteja "nimetuma" kwa kuwa dirisha limejifunga. Nendeni kwenye folda ya Sent muione barua imekaa humo. Kama haimo, fungueni Outbox. Kazi yenye tarehe ya mwisho itumeni nakala kwenye anwani yenu nyingine, muione imefika kwenye simu, ndipo mlale. Tangu Agosti ile sijachelewesha kazi hata moja, na si kwamba mtandao wa Zimmerman umekuwa mzuri.

Mwalimu alinipigia tena jana asubuhi kuniambia Outbox yake ilikuwa na barua tatu. Mbili zilikuwa za ratiba ya mitihani. Ya tatu ilikuwa ombi la nafasi ya naibu mwalimu mkuu, na muda wake unaisha Ijumaa hii. Imeondoka. Ameiona kwenye Sent, na nimemwambia apige simu ofisini kwao leo aulize kama wameipokea.