Nchi ikikua haraka, anza kununua kile kinachopanda bei

Kuna dada kanitumia meseji wiki hii, ndefu kweli, anasema mshahara umepanda, maduka mapya yanafunguliwa kila kukicha, wenzake ofisini wanabadilisha simu na tivii na makochi, lakini yeye ikifika tarehe ishirini anaanza kuazima nauli. Anauliza, "Kaka, hii hela ya uchumi kukua inapitia njia gani mbona mimi siioni?" Mwishoni akauliza pia kama anunue gari. Nikaona nisimjibu peke yake, maana najua mko wengi.

Mimi ni muuza friji, tivii na mashine za kufulia. Nilianza kama kijana wa kubeba maboksi, na mwezi uliopita nimemaliza kulipia fremu ya pili, sasa ni yangu, sio ya kupanga tena. Sijisifu. Sawa, najisifu kidogo, nimesubiri sana kuiandika hii sentensi.

Sasa ukikaa nyuma ya kaunta miaka yote hiyo unaona kitu ambacho kwenye taarifa ya habari hakisemwi. Kila mzigo mpya wa tivii ulioingia ulikuwa mzuri kuliko wa mwanzo na bei yake iko chini, yani mteja aliyenunua mwaka jana kwa kujikamua anapita dukani anaona ile ile inauzwa kwa bei ya kutupa, ananiangalia kama nimemuibia. Lakini mwenye fremu niliyokuwa napanga, kila mkataba ukiisha alikuwa anaongeza kodi, hakuwahi hata siku moja kuniambia mwaka huu tunashusha. Ada za shule juu, kinyozi juu, fundi bomba juu, kiwanja ndio usiseme. Vitu vinashuka, watu na ardhi vinapanda.

Baadaye nikaja kugundua kuna mchumi Mmarekani, William Baumol, alishaeleza hili tangu miaka ya 1960. Kiwanda kinaweza kutengeneza tivii nyingi zaidi kwa wafanyakazi wale wale, ndio maana bei inashuka. Kinyozi je? Kichwa ni kimoja kimoja, kama zamani. Ila mishahara ya viwandani ikipanda naye lazima apandishe bei, la sivyo anaacha mkasi anaenda kiwandani. Mwalimu hivyo hivyo, nesi hivyo hivyo. Kwa hiyo nchi ikichangamka, ada na matibabu vinakukimbiza wakati tivii inakusubiri palepale dukani, tena inajipunguza bei.

Na watu wanafanya kinyume! Mshahara ukipanda tu wanakuja kwangu, asanteni, mmenilisha. Wanachukua kwa mkopo kitu ambacho mkopo ukiisha kitakuwa nusu ya bei, halafu kiwanja wanasema "tutanunua mambo yakikaa sawa".

Kwangu mimi ilikuwaje? Nilikuwa nauza flati skrini mchana, jioni narudi kuangalia mpira kwenye tivii ya kichogo. Ndugu walinitania mpaka basi. Shemeji yangu mmoja, kwenye kikao cha familia, mbele ya wakwe, akasema huyu atazikwa na hela zake, watu wakaangua kicheko na mke wangu akainamisha uso. Sijasahau. Yeye alikuwa na kila kitu kipya, anakula bata, na leo ni mpangaji, hapo nanyamaza maana atasoma. Mimi ile hela ya flati skrini na gari na sofa ya kona ndio ilianza kulipa fremu ya kwanza.

Tena haya mambo hayajaanza na sisi. Japani miaka ya 1950 mwishoni kila familia ilikuwa inawinda vitu vitatu, tivii nyeusi na nyeupe, friji na mashine ya kufulia, wakaviita hazina tatu takatifu. Mwaka 1960 Waziri Mkuu Ikeda akatangaza mpango wa kufanya pato la taifa liwe mara mbili ndani ya miaka 10, wakafika kabla ya muda. Sasa ile friji ya wakati ule nani anayo leo?

Upande wa mikopo waulizeni Wakorea Kusini. Serikali yao kuanzia 1999 ilihamasisha watu walipe kwa kadi za mkopo, ukitumia kadi unapunguziwa kodi, risiti zikaingizwa hadi kwenye bahati nasibu. Watu wakawa na kadi nne nne, hii inalipa deni la ile. 2003 likapasuka, kampuni kubwa ya kadi, LG Card, ikabidi iokolewe na wadai wake, na mamilioni ya watu wakaingia kwenye orodha ya walioshindwa kulipa. Na uchumi wao ulikuwa wa kusifiwa dunia nzima, sio wa kubeza.

Halafu msidanganywe na asilimia. Kuna hesabu ya haraka, gawa 70 kwa asilimia ya ukuaji unapata miaka ya uchumi kuwa mara mbili: ukisikia unakua asilimia 7, gawa 70 kwa 7, ni miaka kama 10. Lakini kama watu nao wanaongezeka asilimia 3, kwa kichwa imebaki 4 hivi, hapo ni miaka 17 au 18. Na hiyo ni wastani, wastani hauji nyumbani kwako na bahasha. Mtu anakopa leo kwa mshahara wa miaka 18 ijayo, jamani!

Kwa hiyo dada yangu, ushauri ni ule ule, nunua kwanza kinachopanda, kinachoshuka kisubirishe. Ada ya mtoto lipa mapema wakikubali. Ujuzi wako ongeza, maana kazi ya mikono na kichwa ndio inapanda bei na wewe una mikono na kichwa. Kiwanja ndiyo, ila hati uione na uhakiki mwenyewe, na usikope kwa pupa ukidhani ardhi haishuki, Wajapani hao hao walidhani hivyo hadi miaka ya 1990 mwanzoni bei zikaporomoka na madeni yakabaki. Simu ikiwa inapiga na kupokea, iache ipige na ipokee.

Na lile swali lako la gari, kama halikuingizii hela na kazini unafika bila hilo, bado. Mafuta, bima na fundi ni vya kila mwezi, na fundi nimeshakwambia bei yake inaelekea wapi.