Kabla hujalipia sarafu ya fedha ya madola madogo ya Kijerumani

Anayeanza huuliza kwanza sarafu ina umri gani. Hapa umri si hoja. Kati ya 1871 na 1918 madola yaliyounda Ujerumani yalikuwa na sarafu zao za fedha za Mark (pesa ya Ujerumani ya wakati huo) 2 na 5, na kuanzia 1908 za Mark 3. Adimu ni iliyopigwa kidogo. Mark 3 za Prusia, dola kubwa kuliko yote, zilitoka kwa mamilioni. Mark 5 ya dola dogo la Waldeck-Pyrmont ya 1903 ni vipande 2,000 tu, na kwa hiyo inavutia sana wanaoghushi.

Nunua mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Mark 5 ina gramu 27.78 na kipenyo cha mm 38. Mark 3, gramu 16.67 na mm 33. Mark 2, gramu 11.11 na mm 28. Iliyochakaa hupungua kidogo. Iliyozidi ndiyo ya kuogopa.

Kisha ipime ndani ya maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, zamisha sarafu ukiining'iniza kwa uzi mwembamba, isiguse chini wala kando. Mark 5 halali itasoma karibu gramu 2.7. Ikisoma 3.1, shuku shaba na nikeli. Mapovu yaliyonasa kwenye nywele za sanamu huongeza namba, kwa hiyo itikise kwanza.

Ukingo wa Mark 3 na 5 una maneno GOTT MIT UNS yaliyochimbwa. Wa Mark 2 una mistari tu. Ukiona mshono umezunguka, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Sarafu za fedha za madola madogo ya Lippe, Schaumburg-Lippe na Waldeck za enzi hiyo zote zilipigwa Berlin, kiwanda chenye alama ya herufi A, ileile iliyomo kwenye baadhi ya rupia za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ukikuta herufi ya kiwanda kingine, kama D au G, iache.

Kinachowatia wengi hasara ni kitanzi. Sarafu nyingi ziliwahi kuvaliwa kama vidani, kitanzi kikaja kung'olewa baadaye. Kagua kwa lenzi ya mara 10 pale juu, saa sita ya saa ya ukutani: utaona mabaki ya kulehemu au ukingo uliopigwa tupa. Orodha za mnada huandika Hsp., yaani Henkelspur, alama ya kitanzi; Rdf. ni kasoro ya ukingo. Muuzaji asipoonyesha picha ya ukingo, iombe.

Tafadhali usisafishe. Dawa ya meno na magadi hukwangua uso, na ule mng'ao unaozunguka ukigeuza sarafu chini ya taa hufa moja kwa moja. Ute wa kijani wa mifuko ya PVC (aina ya plastiki) pekee ndio unaoondolewa: loweka katika asetoni safi, dirisha wazi, mbali na moto, bila kusugua.