Mwanangu, kadi usiitupe

Mwanangu,

Mesaji yako ya sauti nimeisikiliza mara tatu, ile ya saa sita usiku, na nimesikia unavyovuta pua ukisema ni mafua. Kabla ya yote, kama bado hujapiga Card Stop, wale wanaofunga kadi za banki huko Ubelgiji, piga sasa hivi, 078 170 170, wanapokea usiku na mchana, hii barua itakungoja. Kadi ikishafungwa ndo urudi tuongee.

Haya. Umeniuliza vitu viwili, kwanza baada ya ile sms ya paketi euro 284 zimetokaje kwenye konti yako wakati kadi iko kwenye pochi yako, na pili kama ni bora uachane na kadi kabisa, uwe unatoa pesa zote mwezi ukianza unaziweka chumbani kama mi ninavyofanya. Naanza na hilo la pili maana ndo limeninyima usingizi. Hapana mama, usifanye hivyo. Mi sishiki cash nyumbani kwa kupenda. Ile Januari 2025 banki zilipofunga hapa Goma watu wenye kadi nzima kabisa walikuwa wanavuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kutafuta mashine Gisenyi, upande wa Rwanda, kadi ilikuwa plastiki tu mkononi. Ya kwetu ni hiyo. Huko Liège banki iko wazi, sheria ipo, na ukiibiwa kuna mtu wa kumuuliza. Cash ikienda imeenda.

Unakumbuka mwaka ule tulikula sombe bila samaki karibu mwezi mzima, nikawaambia biashara imelala? Biashara haikulala. Nilikuwa kwenye meza yangu ya kubadilishia pesa pale Birere, akaja kijana, shati limepigwa pasi, motari wake anamngoja barabarani injini haijazimwa. Akanipa dola 300, noti za 20, kumi na tano. Nikahesabu, kumi na tano kweli. Nikaanza kumhesabia franga, akasema ngoja mama, naona moja imechanika kidogo pembeni itakusumbua, nipe nikubadilishie. Na unajua huku noti ya dola ikichanika hata sehemu ndogo kama ukucha hakuna anayeipokea, basi nikaona huyu ni mtu wa watu, ananijali. Akachukua lile fungu, akachomoa moja, akatia ingine, akakunja akanirudishia mkononi, na wakati wote anaongea bila kupumua, mgonjwa, hospitali, motari anaongeza bei. Nikampa franga zake. Walipokata kona moyo ukanipiga nikahesabu tena. Kumi na moja. Dola 80 zilibaki kwenye kiganja chake na mi namuangalia.

Sasa chukua ile sms yako uiweke pembeni ya huyu kijana. Paketi yako imekwama, lipa euro 1,95 kabla ya saa sita usiku, la sivyo inarudishwa. Pesa kidogo ambayo haimtishi mtu, na haraka. We ulikuwa kweli unangoja viatu, kama mi nilivyokuwa nimeshahesabu kumi na tano kweli.

Jana nilimpigia mjomba wako wa Brussels akanieleza karibu saa nzima, na nilimwambia arudie mpaka nielewe, maana sikutaka kukuandikia mambo ya kubahatisha. Iko hivi. Kule Ulaya, kwa sheria iliyoanza Septemba 2019, ukinunua kitu kwa intaneti, mara nyingi numero za kadi peke yake hazitoshi, banki inataka na kitu cha pili, kode yako, ama kidole chako kwenye simu, ama kile kimashine unachoingizia kadi. Kwa hiyo yule mwizi alipopata numero, tarehe na zile tarakimu tatu za nyuma ulizoandika kwenye ukurasa wake wa uongo, alikuwa na nusu ya ufunguo. Nusu ingine unayo we. Basi palepale wakati we unangoja ukurasa ufunguke, yeye alikuwa kwenye duka la kweli ananunua kitu cha euro 284, banki ikakutumia kwenye simu ombi la kuthibitisha, ukafikiri ni ile 1,95, ukaweka kidole. Mjomba anasema kwenye ile skrini bei ya kweli huwa imeandikwa na jina la duka pia. Uliniambia mwenyewe hukusoma. Sikusemi kwa hilo, nilikuwa na macho mawili na noti mikononi na sikuona. Ila kuanzia leo hiyo skrini uisome kama mi ninavyosoma noti, bei kwanza, jina la duka, halafu ndo kidole. Bei ikiwa si yako, kataa.

Na link ya kwenye sms usiiguse hata kama paketi kweli unaingoja, ingia mwenyewe kwenye duka ulikonunulia uangalie kule. Ile sms usiifute, piga picha ya skrini uitume kwa suspect@safeonweb.be, ni anwani ya serikali ya Ubelgiji, wanafungia hizo kurasa za uongo ili mtoto wa mama mwingine asiingie.

Kuna na wanaopiga simu. Hao wanaongea vizuri sana, anakuambia yuko banki, ama ni Card Stop yenyewe, kuna mtu anaiba pesa zako saa hii, nisaidie kode nikulindie. Wengine wanatuma hadi mtu mlangoni kuchukua kadi, wanakuambia uikate kwanza vipande viwili ili uamini, ila uikate pembeni, chipu ibaki nzima. Chipu ndo wanayoitaka. Hao unawajua, ni ndugu wa wale wanaotupigia huku wakisema nimekosea nimetuma pesa kwenye simu yako, nisomee kode niliyokutumia. Hapa Birere hata mtoto wa kuuza maji anawakatia simu. Nawe kata, usiogope kuonekana huna adabu, halafu piga mwenyewe ile numero iliyoandikwa nyuma ya kadi ama kwenye programu ya banki.

Mambo ya mashine za kutolea pesa sina mengi, funika mkono ukiandika kode, na kidude kikiwa kinacheza pale unapoingizia kadi, ondoka. Ukija likizo usisahau kadi nyingi za huko zinafungwa nje ya Ulaya hadi uzifungue kwenye programu, fungua kwa siku za safari tu halafu ufunge.

Ila hili lingine nataka ulisome mara mbili. Atakuja mtu, na atakuwa wa kwetu, anaongea kiswahili chetu, pengine mnasali pamoja, akuambie dada niazime kadi yako na kode siku mbili tu, kuna pesa zangu zinapita, nitakuachia 200. Hizo pesa ni za mtu aliyelizwa kama we ulivyolizwa juzi. Zinapitishwa kwenye konti ya mwanafunzi ili mwizi asionekane, na polisi ikifuata njia ya pesa inafika kwenye jina lako, si lake. Banki inakufungia konti, unaenda mahakamani, na makaratasi yako ya kukaa huko yanaingia hatarini. Mwanangu, nakuomba kwa maziwa yangu, kadi yako usimpe mtu, hata akilia, hata akiwa mtoto wa jirani yetu hapa. Akiwa na shida ya kweli mwambie anipigie mi.

Na pesa usiziweke zote kwenye ile konti ya kadi. Mi mezani sipeleki zaidi ya kazi ya siku hiyo, zingine zinalala mahali pengine. Nawe bursa, pesa yako ya masomo, ikiingia peleka nyingi kwenye konti ya akiba, ile ambayo kadi haifikii, na kwenye programu ushushe kiwango cha juu cha kutumia kwa siku. Mwizi akiingia akute euro 60.

Sasa hizo 284. Mjomba anasema sheria ya Ulaya iko hivi, malipo ambayo hukuyakubali banki inatakiwa irudishe haraka, mwisho siku ya kazi inayofuata, labda kama inashuku we ndo mdanganyifu. Kadi ikiibiwa, kwa yale ya kabla hujatoa taarifa hasara yako haizidi euro 50, ila wakionyesha ulikuwa na uzembe mkubwa wanaweza kukataa kulipa. Kwako watasema uliweka kidole mwenyewe. Usikubali jibu la mdomo la pale dirishani banki. Nenda polisi kesho asubuhi utoe ripoti wakupe PV, ile karatasi ya ripoti yao, halafu andikia banki, weka saa ya sms, picha ya ule ukurasa, na uandike wazi kwamba we ulikubali euro 1,95 na hukukubali 284. Wakikataa kuna Ombudsfin, ni wapatanishi wa mambo ya banki huko Ubelgiji, hawalipishi. Sheria inakupa hadi miezi 13 kuripoti malipo ambayo si yako, lakini usingoje hata siku moja, ukichelewa wanauliza kwa nini.

Kitu kimoja tena kuhusu yule kijana wa shati. Siku ile nilinyamaza. Niliona aibu, mi kambisti, mbadilisha pesa wa miaka yote ile, nikafunga meza nikaenda nyumbani. Siku tatu baadaye akafanya vilevile kwa mama wa meza ya tatu kutoka kwangu, akamchukulia 120, mjane, ana watoto watano. Angejua angeshika mkono wake. Hadi leo nikipita mezani kwake nasalimia nikiangalia chini. Kwa hiyo hao wenzako watatu mnaokaa nao nyumba moja waonyeshe ile sms leo hii, usione haya.

Hii mwezi usitutumie kitu. Minervali, ile ada ya shule ya mdogo wako, nimelipa nusu, nimeongea na prefe wa shule, nusu ingine atangoja hadi mwisho wa trimesta. Mjomba atakupigia kesho saa moja jioni mwandike ile barua ya banki pamoja, uwe na PV mkononi.

Mama yako