Ukibanwa na haja ukiwa kwenye baiskeli

Dada, umeuliza ufanye nini haja ikikubana katikati ya Thika Road, Nairobi, ukienda kazini kwa baiskeli. Usijikaze hadi mjini. Ingia kituo cha mafuta kilicho karibu, msalimie mhudumu, uombe choo. Wengi hukuonyesha bila maswali. Maduka makubwa ya kando ya barabara hiyo, TRM na Garden City, pia yana vyoo yakishafunguliwa, ila funga baiskeli mahali askari wa langoni anaiona, na umwambie unarudi sasa hivi. Katikati ya jiji kuna vyoo vya kulipia, kama vile vya bustani ya Jeevanjee. Tembea na sarafu, na tishu yako mwenyewe, maana mara nyingi haipo.

Lakini kazi kubwa ifanyie nyumbani. Chakula na chai ya moto huamsha utumbo, kahawa hata zaidi. Kwa hiyo kunywa chai mapema, kaa kama nusu saa, uende choo ndipo utoke. Maji usiache, tafadhali! Wanawake wengi hujinyima maji wakihofia kubanwa njiani, mkojo ukakolea, ukaanza kuchoma. Na siku unayohara, baiskeli ibaki nyumbani.