Springi ya Leicester si masika ya Lushoto

Shuleni tulikariri majira manne ya Ulaya kwa majina yetu wenyewe, na springi ikapewa jina la masika. Tafsiri hiyo ilinigharimu msimu mzima.

Kwa mtoto aliyekulia Lushoto, neno masika lina amri ndani yake. Mvua imeshuka, mbegu nazo zishuke, na anayechelewa atakula kwa jirani. Basi mwaka wangu wa kwanza wa kulima hapa Leicester, Uingereza, jua lilipotoka wiki ya mwisho ya Machi na manyunyu yakawa hayakatiki, nikajiambia masika hayo. Siku moja nilipanda mahindi, maharage, maboga na mchicha. Wiki nne baadaye hakikuwa kimetoka hata kijani kimoja. Nilifukua punje za mahindi kuangalia, nikazikuta zimevimba, laini kama uji, zinanuka.

Nimeshalima misimu sita sasa, na kila ifikapo Februari napokea simu za Waswahili wenzangu waliopata shamba lao la kwanza wakiuliza waanze na nini. Nayaandika haya ili nisirudie kwenye simu.

Tuanze na hilo shamba lenyewe. Halmashauri za miji Uingereza hukodisha vipande vya ardhi kwa wakazi wanaotaka kulima chakula cha nyumbani, na sheria yake kuu ni ya 1908. Wenyewe wanaviita alotimenti. Kipande kizima ni rodi 10, yaani kama mita za mraba 250, sehemu moja ya kumi na sita ya ekari. Siku hizi wengi hupewa nusu. Nilisubiri miaka miwili kwenye orodha, na nilipooneshwa nusu yangu nilicheka, maana kwetu eneo kama lile ni la kufungia mbuzi. Sicheki tena. Nusu hiyo ikilimwa vizuri, mtu mmoja mwenye kazi na watoto hawezi kuimaliza. Omba nusu. Na weka jina lako kwenye orodha leo hata kama huna uhakika.

Aliyeniokoa ni mzee wa kipande cha jirani, Mhindi aliyezaliwa Jinja. Alikuja hapa kijana mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, na Kiswahili chake cha dukani hakijamtoka. Alinikuta nimechuchumaa juu ya zile punje zilizooza.

"Mama, hapa jua naongopa," akasema. "Weka mkono chini."

Nikaweka. Juu palikuwa na joto la kupendeza, lakini kina cha kidole udongo ulikuwa kama maji ya friji. Akanipa kipimajoto chake cha udongo, na mpaka leo sijakirudisha. Huwa nakichoma saa tatu asubuhi, kina cha sentimita kumi hivi, siku tatu au nne mfululizo. Njegere na yale maharage mapana ambayo Wamisri wanayapikia ful yanavumilia hata nyuzi 5. Viazi mviringo vinataka 7 au 8. Maharage ya kawaida yanataka 12, mahindi hayataki pungufu ya hapo, na maboga yanataka zaidi kidogo. Wazee wa Kiingereza wana kipimo chao kingine: ukiweza kukaa juu ya udongo bila suruali na usishtuke, panda. Nakuachia wewe na majirani zako.

Hata udongo ukipata joto, anga bado lina visa. Hapa katikati ya nchi usiku wa sakitu, ule umande unaoganda, unaweza kuja hata baada ya katikati ya Mei. Mwaka wa pili niliitoa miche ishirini na miwili ya nyanya nje mapema mwezi huo, mirefu, yenye maua. Asubuhi niliikuta myeusi, imelala chini kama mboga iliyochemshwa. Siku hizi nyanya huziotesha dirishani mwezi Machi, nazitoa mchana na kuzirudisha ndani usiku kwa siku kumi ili zizoee upepo, na hazilali nje kabla ya mwisho wa Mei. Mama akinipigia simu Aprili na kuuliza nimepanda nini, nasema bado. Hunyamaza kidogo, kisha ananisalimia watoto.

Ila usikae bure ukisubiri, kwa sababu kuna kazi ya springi ambayo watu wengi huiruka, nayo ni kuwakaribisha wanyama.

Mwaka wa tatu nilipanda kwa wakati, kila kitu kikaota, na usiku mmoja wa mvua koa wakamaliza mistari miwili ya maharage. Koa ni wale konokono wasio na nyumba mgongoni. Huku unyevu hauishi, kwa hiyo nao hawaishi. Nilimwaga maganda ya mayai. Nikazungushia mkanda wa shaba. Nikaweka masalia ya kahawa. Wakapita juu ya vyote. Baadaye nikajua kwamba RHS, chama kikubwa cha bustani cha nchi hii, kilishafanya majaribio ya vizuizi vya aina hiyo na kutangaza mwaka 2018 kwamba havikuleta tofauti. Ningejua mapema ningekunywa kahawa yangu kwa amani. Punje za bluu za sumu ya metaldehaidi zilikuwa bado zipo kwenye kibanda nilichorithi, na huko ndiko usiende: tangu 2022 ni marufuku kuzitumia nje hapa, kwa sababu zinaua ndege na wanyama wanaokula koa.

Kilichonisaidia ni beseni. Beseni la zamani la kuoshea vyombo, nikalichimbia mpaka ukingo ukalingana na ardhi, nikalijaza maji ya mvua, nikapanga mawe upande mmoja kama ngazi ili anayeingia aweze kutoka. Soma kwanza masharti ya alotimenti yako, na kama una mtoto mdogo weka wavu wa chuma juu, maana kina cha sentimita chache kinatosha kuleta msiba. Mwaka wa kwanza wa beseni hakikutokea kitu. Mwaka wa pili, mwishoni mwa Februari, barafu ikiwa bado inaonekana asubuhi, tulikuta mayai ya chura yameelea kama bakuli la mbegu za pasheni. Watoto wangu walikataa kurudi nyumbani.

Usiende kuchota mayai kwenye bwawa la watu ukayaleta kwako. Unahamisha magonjwa ya vyura pamoja nayo, na hakuna haja, wanakuja wenyewe. Viluwiluwi huchukua kama miezi mitatu mpaka minne kuota miguu na kutoka majini. Wakishakua wanashinda chini ya majani na mbao, na usiku wanawinda koa. Sitakudanganya kwamba koa wamekwisha. Wiki ya kuhamisha miche bado natoka na tochi saa nne usiku kuwaokota kwa mkono, na mwaka wenye mvua nyingi nanunua nematodi, vijinyoo visivyoonekana kwa macho ambavyo unavikoroga kwenye maji na kumwagilia, mradi udongo umevuka nyuzi 5. Lakini sijapoteza mstari mzima tena. Tena si koa wote ni adui: nchi hii ina aina kama 44, na zinazotafuna mimea ya bustani ni chache tu, nyingine zinakula majani yaliyooza na kukusaidia kutengeneza mboji.

Mwindaji mwingine ni kalunguyeye. Wengi wetu tunamchanganya na nungunungu, lakini huyu ni mdogo, anaenea kwenye kofia, na miiba yake ni mifupi. Analala usingizi mrefu wakati wa baridi na kuamka Machi au Aprili akiwa amekonda. Bustani zetu za nyuma ya nyumba zimezungushiwa mbao pande zote, kwa hiyo hana njia. Tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio linamtosha. Niliomba ruhusa kwa jirani kabla ya kulikata, naye akanitazama kama mtu anayeomba kupitisha reli sebuleni kwake. Sasa ndiye anayenitumia ujumbe usiku wa manane: amepita! Ukitaka kumsaidia mpe maji kwenye sahani, au chakula cha paka chenye nyama. Usimpe maziwa, yanamharisha. Kabla ya kuchoma uma kwenye rundo la mboji au kuwasha moto wa takataka, fukunyua kwanza kwa mkono uone kama hakuna aliyelala humo. Na nyavu zako za mboga zivute zikaze, au ziinue juu kidogo ya ardhi. Nimewahi kumkuta mmoja amenaswa, na kumkatia kamba asubuhi ile ilikuwa kazi ya nusu saa na vidole vinavyotoka damu.

Nyavu hata hivyo huwezi kuziacha, kwa sababu ya njiwa pori. Sukuma wiki ikibaki wazi Aprili, asubuhi unakuta vijiti.

Mimea mingine niipitie haraka. Maharage mapana yakitoa maua, vidukari weusi hujaa kwenye ncha. Vunja ncha hizo kwa vidole na usipulizie dawa, kwa sababu wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanawafuata na kuwala. Mchicha wa kwetu unakubali vizuri sana ukisubiri mwanzo wa Juni. Boga panda hata kama hupendi maboga, majani yake peke yake yanalipa kodi ya shamba. Kuhusu mahindi, nunua mbegu za huku zinazokomaa mapema, zioteshe ndani mwishoni mwa Aprili kwenye yale maboksi ya duara ya katikati ya karatasi ya chooni, kisha panda kwa kundi la mraba, usipange mstari mmoja mrefu, maana chavua inasafirishwa na upepo. Rafiki yangu alijaribu mahindi meupe ya nyumbani. Yalirefuka kama mianzi, yakapita kibanda, na mpaka Septemba hayakuwa yametoa mbelewele, kwa sababu yamezoea mchana wa saa kumi na mbili, na kiangazi cha huku mchana unafika saa kumi na sita na zaidi. Na mbegu usizifiche kwenye sanduku unapotoka likizo. Sheria inataka cheti cha afya ya mimea.

Mnavu nao unaota pembeni ya njia, au kitu kinachofanana nao. Mimi siuchumi. Nchi hii ina mmea wa ukoo huohuo ambao matunda yake yanaua, na sina hamu ya kujifunza tofauti kwa tumbo langu.

Limebaki la ndege, na hapa sheria inaingia. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, hata kama kiko kwenye ua wako mwenyewe. Kwa hiyo kama unataka kupogoa ua wa miti, maliza kabla ya Machi, au ngoja Agosti iishe. Wengine wanaona hii ni anasa ya Wazungu. Niliona hivyo nami, mpaka nilipokaa nikatazama wale ndege wadogo wa bluu na manjano wakiingia na kutoka kwenye sanduku la kiota mwezi Mei, kila dakika chache na kiwavi mdomoni. Viwavi hao wangekuwa kwenye miti ya matunda.

Mwaka jana robini, kale kandege kenye kifua cha rangi ya chungwa kanakokufuata ukilima ili kaokote minyoo, kalijenga ndani ya kibanda changu cha zana. Kalipitia kwenye kioo kilichovunjika, kakaweka kiota kwenye kikapu cha kamba, zile kamba hasa za kufungia fito za maharage. Niligundua tarehe 4 Mei nilipofungua mlango. Mayai matano, na mama yake amekaa ananitazama bila kutikisika.

Mzee wa Jinja nikamwita aje aone. Akachungulia, akafunga mlango polepole.

"Sasa kibanda iko yake," akasema. "Wewe nunua kamba ingine."

Robini hulalia mayai kama wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine. Nilitoa jembe na ndoo siku ile tu, kisha sikufungua tena. Kamba nyingine sikununua, ubahili tu, na bila kamba ya kufungia fito sikuweza kuhamisha maharage, kwa hiyo miche ikabaki dirishani nyumbani ikijikunja kwenye pazia huku wenzangu wote wakiwa wameshapanda. Wiki ya tatu ya Mei usiku mmoja ukashuka baridi kali, na asubuhi nusu ya maharage ya pale yalikuwa meusi.

Tarehe 2 Juni kiota kilikuwa kitupu. Kamba zilikuwa zimejaa mavi ya ndege. Nilizifua kwenye ndoo, nikazianika kwenye uzio, na jioni ileile nikasimamisha fito.